Kikosi cha Kentucky msimu ujao: maswali tunayoulizwa kila siku na majibu yake

Hapa Lexington tuko Waswahili wengi kuliko watu wanavyodhani, Wakongo ndo wengi zaidi, halafu kuna sisi wa Tanzania, Kenya, Burundi, na kila mwaka kuna mtu mpya anafika, anakuta mji mzima umevaa bluu na watu wanagombana kazini kuhusu vijana wa chuo wanaocheza basketi, anashangaa. Akishazoea anaanza kuuliza. Maswali ni yale yale, nimeyajibu saluni, nimeyajibu kanisani baada ya ibada, nimeyajibu kwenye foleni ya kusajili gari, sasa nimeona niyaandike yote sehemu moja. Timu inayozungumzwa ni Kentucky Wildcats wanaume, timu ya basketi ya Chuo Kikuu cha Kentucky. Mashabiki wa Louisville, wapinzani wetu wa jadi, mnakaribishwa kusoma pia.

Ligi inaanza mwezi wa 11, kwa nini mnabishana kuhusu kikosi toka mwezi wa 4?

Kwa sababu mwezi wa 4 ndo timu inapotengenezwa. Zamani mchezaji akiingia chuo unamjua, unakaa naye miaka mitatu minne, unamuona anakomaa, ubishi wa kiangazi ulikuwa mdogo tu, nani atachukua nafasi ya yule aliyehitimu. Siku hizi mwezi wa 3 ukiisha nusu ya timu inaweza kuwa imeondoka na mwezi wa 5 ukiingia kuna sura mpya sita saba ambazo hujawahi kuzisikia. Kwa hiyo shabiki asiyefuatilia miezi hiyo miwili, mwezi wa 11 anakaa kwenye tivii anauliza huyu nani, na huyu nani.

Mfano mkubwa ni 2024. Kocha John Calipari alikuwa hapa miaka 15, mwezi wa 4 akaondoka kwenda Arkansas, na ndani ya siku chache akaletwa Mark Pope kutoka chuo cha BYU, ambaye mwenyewe alikuwa kapteni wa timu ya Kentucky iliyochukua ubingwa 1996. Siku anatambulishwa Rupp Arena, ukumbi wetu wa mechi, ilijaa, watu elfu ishirini kumsikiliza kocha anaongea, hakuna mechi, hakuna kitu, akashuka kwenye basi na wenzake wa zamani akiwa na kombe la 1996. Lakini ukumbi umejaa na timu haina mtu! Wachezaji wote wa skolashipu wa msimu uliopita, hakurudi hata mmoja. Wengine drafti (pale timu za NBA, ligi ya kulipwa, zinapochagua wachezaji wapya), wengine walimfuata kocha wao, wengine walihama. Pope alijenga kikosi kizima kuanzia sifuri kwa wiki chache, na sisi tulikuwa tunahesabu jina moja moja kama watu wanaohesabu wageni wanaoshuka stendi.

Potali ndo nini?

Ni orodha ya wachezaji waliosema wanataka kuhama chuo. Ukijiandikisha humo, makocha wa vyuo vingine wanaruhusiwa kukupigia. Kuna dirisha, linafunguka msimu ukielekea kwisha au ukishakwisha, halafu linafungwa, na chuo kikibadilisha kocha wachezaji wake wanafunguliwa dirisha lao. Zamani ukihama ulikuwa unakaa mwaka mzima bila kucheza. 2021 wakaruhusu uhame mara moja bila kukaa nje, na 2024 wakaondoa kikomo kabisa, unaweza kuhama kila mwaka almradi masomo yako yako sawa.

Kikosi kinabeba watu wangapi?

Hadi msimu wa 2024-25 ilikuwa skolashipu 13. Kuanzia 2025-26, baada ya ile kesi kubwa ya wachezaji kulipwa iliyomalizika mahakamani mwezi wa 6 2025, vyuo vilivyokubali utaratibu mpya vinaruhusiwa wachezaji 15 na wote wanaweza kupewa skolashipu. Ila usidanganyike na 15. Wanaocheza kweli ni nane, tisa, wakiwa wengi sana kumi.

Kwa nini kila mtu anasema "dakika 200"? Dakika 200 za nini?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote na ndo naomba ulisome mpaka mwisho, manake ukilielewa hili utabishana na mtu yeyote.

Mechi ya chuo ni dakika 40, vipindi viwili vya dakika 20. Uwanjani kuna watu watano. Tano mara arobaini ni 200. Basi. Kocha ana dakika 200 za kugawa kila mechi, haziongezeki (labda mechi iende muda wa ziada), na kila jina jipya unalolishangilia mwezi wa 5 lazima dakika zake zitoke kwa mtu mwingine.

Mpwa wangu ana miaka 14, anajua timu hii kuliko mimi. Kiangazi kimoja tulikaa mezani jikoni akanambia mjomba msimu huu hatushikiki, nikamwambia haya, chukua karatasi, andika jina na dakika. Akaandika yule nyota 34, wa pili 32, wawili 30 kila mmoja, senta (yule mrefu wa chini ya goli) 28. Akaendelea na benchi, 24, 22, 20, 18, huku anatabasamu, kila mmoja anamuonea huruma asimpe chache. Nikamwambia jumlisha. Akapata 238. Akajumlisha tena, 238. Akaniangalia. Nikamwambia sasa toa 38, na unavyotoa useme unamtoa nani na kwa nini. Alikaa pale karibu saa nzima, anafuta, anaandika, karatasi ikatoboka sehemu moja kwa kufutwa, chai yake imepoa, na mwisho akasema, "Mjomba, huyu atahama." Akamuonesha kwa kidole yule aliyebaki na dakika sita. Na mwezi wa 4 uliofuata yule kijana alihama kweli.

Kwa hiyo mtu akikwambia timu ina vipaji kumi na mbili, mwambie alete karatasi. Tatizo la mashabiki wengi ni kuhesabu majina badala ya dakika. Na karatasi ikishatimia 200 kuna maswali mengine ya kuikagua. Kuna wakati wowote ambao uwanjani hakuna hata mmoja anayeweza kushika mpira akisumbuliwa? Kuna dakika kumi ambazo hakuna mrefu chini ya goli? Nani anamkaba gadi (mshika mpira) wao hatari? Mtu wa kukaba hatajwi sana kwenye ubishi kwa sababu haonekani kwenye vipande vya video, lakini akikosekana utamtafuta mwezi wa 3, kwenye mashindano ya taifa, na hayupo.

Nani ataanza watano wa kwanza?

Watu wanapoteza nguvu nyingi sana hapa. Mi naona swali zuri zaidi ni nani anamaliza, yaani dakika nne za mwisho mechi ikiwa imebana nani yuko uwanjani.

Kentucky yenyewe ni darasa la jambo hili. Devin Booker msimu wa 2014-15 hakuanza hata mechi moja, alikuwa anatokea benchi kwenye timu iliyoshinda 38 ikafungwa moja tu (ile ya Wisconsin kwenye nne bora, 71-64, mpaka leo hapa usiitaje mbele ya watu wazima). Calipari mwaka ule alikuwa na vikosi viwili kamili, watu watano wanatoka watano wanaingia. Shai Gilgeous-Alexander alivyokuja 2017 alianza msimu benchi, akapanda taratibu mpaka timu ikawa mikononi mwake, na 2025 amekuwa mchezaji bora wa NBA. Reed Sheppard na Rob Dillingham 2023-24 mara nyingi walikuwa wanatokea benchi, mmoja akachaguliwa wa 3 kwenye drafti na mwingine wa 8. Sasa niambie benchi ilimharibia nani hapo.

Koby Brea naye. Alitoka chuo cha Dayton akiwa ndo mtu aliyepiga tatu (mitupo ya mbali ya pointi tatu) kwa usahihi kuliko wote nchi nzima, karibu nusu ya mitupo yake ilikuwa inaingia, na kule Dayton pia alikuwa mtu wa kutokea benchi. Hapa alianza msimu benchi, hakununa. Wapinzani wamechoka kukaba, anaingia mtu ambaye ukimwachia hatua moja tu imeingia. Hiyo ni kazi maalum, sio adhabu.

Pope anataka senta wa aina gani? Mbona hatafuti mtu mkubwa wa kudanki tu?

Pope anacheza watano nje. Maana yake chini ya goli panaachwa wazi, senta anakuja juu, kwenye pembe ya mstari wa mitupo huru au hata zaidi, anapokea mpira na wenzake wanamzunguka, mmoja anakata kwenda golini, mwingine anatoka nje kupiga. Kwa hiyo senta asiyejua kutoa pasi anakwamisha kila kitu.

Amari Williams, kijana wa Nottingham Uingereza, alitoka Drexel, chuo ambacho wengi wetu hatukuwa tunakijua. Kule alikuwa mkabaji bora wa ligi yao miaka mitatu mfululizo, na sisi tukajua tumepata mtu wa kuzuia mitupo. Kumbe Pope ameona kitu kingine. Nakumbuka mechi za mwanzo pale Rupp, Amari anachukua ribaundi (mpira uliokosa kikapu), anageuka, anaanza kupandisha mpira mwenyewe kwa mkono wa kushoto, mtu mrefu namna ile, na ukumbi mzima unashikilia pumzi, mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa anasema mpe gadi, mpe gadi, mpe gadi. Hakumpa gadi. Alifika juu, akasimama, akatoa pasi ya chini kwa mtu aliyekata nyuma ya mkabaji, kikapu. Mechi ya tatu ya nne yule mzee akawa anasimama kupiga makofi Amari akishika mpira tu.

Ndo maana ukitaka kujadili senta wa msimu ujao usiangalie kwanza urefu au alizuia mitupo mingapi. Angalia asisti zake, yaani pasi zinazozaa kikapu. Halafu angalia mipira anayopoteza.

Na Oscar je? Angefaa kwa Pope?

Swali hili linaulizwa na Wakongo wote na nina haki ya kulijibu kwa urefu.

Oscar Tshiebwe ni mtoto wa Lubumbashi. Kwetu sisi tunaoongea Kiswahili hapa mjini ile miaka yake miwili ilikuwa kitu kingine kabisa, maana Lubumbashi ni Kiswahili, na kuona ukumbi wa watu elfu ishirini wanamshangilia mtu wa kwetu wanamwita kwa jina lake la kwanza, kuna wamama hapa hawakuwa wanajua hata kikapu kina pointi ngapi walianza kuangalia mechi kwa ajili yake. Alihamia kutoka West Virginia, akacheza 2021-22 na kuchukua tuzo zote kubwa za mchezaji bora wa nchi. Wastani wake wa ribaundi ulikuwa 15.1 kwa mechi. Kumi na tano! Na 2023 kwenye mashindano alimchukulia Providence ribaundi 25 kwenye mechi moja.

Sasa, kwa Pope? Kwa ukweli nafikiri ingebidi kocha abadilike kidogo. Oscar sio mtu wa kukaa juu na kutoa pasi, kazi yake ni mpira uliokosa, na hiyo hata NBA ndo walichoangalia, 2023 hakuitwa kwenye drafti yote raundi mbili, mchezaji bora wa nchi nzima mwaka mmoja tu uliopita! Iliniuma. Lakini inatufundisha kwamba mchezaji haulizwi ni mzuri kiasi gani peke yake, anaulizwa kwenye timu hii atafanya nini mpira usipokuwa kwake. Mi ningempa Oscar dakika 25 kwenye timu yoyote na ningemzungushia wapiga tatu wanne, mipira watakayokosa yote ni yake.

Kwani Oscar alibaki baada ya mwaka wake wa kwanza hapa kwa sababu ya hela?

Ndo, na hili linahusu wanafunzi wote wa nje, kwa hiyo wazazi msikilize. Toka mwezi wa 7 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, jina lao na picha yao, ndo hiyo NIL mnayoisikia. Lakini kijana aliye na visa ya mwanafunzi kufanya kazi ndani ya Marekani ni shida, na tangazo linahesabika kama kazi. Oscar alivyosafiri na timu Bahamas mwezi wa 8 2022, alifanya mikataba yake kule, nje ya Marekani, siku chache zile. Alirudi kucheza mwaka mwingine badala ya kukimbilia kulipwa ulaya au kwingine.

Kuanzia tarehe 1 mwezi wa 7 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kugawana mapato na wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza kikomo kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kizima, michezo yote, na mpira wa miguu wa Kimarekani ndo unakula kipande kikubwa. Kwa hiyo siku hizi kwenye karatasi yako ya dakika ongeza na safu ya hela kichwani. Mtu aliyelipwa sana hawezi kupewa dakika nane.

Wachezaji wa mwaka wa kwanza au wakongwe, nani bora?

Wakongwe, kwa sasa. Najua nitapingwa.

Sheria ya NBA inataka mtu awe na miaka 19 na mwaka mmoja uwe umepita toka wenzake wamalize sekondari, ndo maana toka 2006 vijana wenye kipaji kikubwa wanapita chuoni mwaka mmoja tu wanaondoka. Calipari aliufanya huo mfumo kuwa wa kwake, John Wall, Anthony Davis, wote hao. Na 2012 tulichukua ubingwa wa nane. Lakini watu wanasahau timu ile ilikuwaje. Fainali na Kansas, 67-59, Davis alipiga mitupo kumi ikaingia mmoja tu. Pointi 6. Na akatajwa mchezaji bora wa mashindano, kwa sababu alichukua ribaundi 16, akazuia mitupo 6, akatoa asisti 5. Kijana wa miaka 19 ambaye kila mtu anajua atachaguliwa wa kwanza, usiku wa fainali hafungi, na hakulazimisha. Na benchi alikuwa anatokea Darius Miller, mtoto wa jimbo hili, mwaka wa nne, ambaye angeweza kudai kuanza. Ukiniuliza timu bora niliyoiona kwa mgawanyo wa kazi ni ile.

Baadaye ikabadilika. Vyuo vidogo vilianza kubaki na wanaume wa miaka 22, 23, wameshacheza pamoja, hawaogopi. 2022 tulifungwa na Saint Peter's 85-79 raundi ya kwanza, Oscar alipata pointi 30 na ribaundi 16 na haikutosha. 2024 tukafungwa na Oakland 80-76, yule Jack Gohlke akatupiga tatu kumi. Kumi! Nilikuwa sebuleni na ndugu saba na hakuna aliyeongea, tv imewaka tu, mtu anapita mbele kuchukua maji bila kusema samahani.

Kijana wa mwaka wa kwanza mpe nafasi, lakini usimjengee timu yote juu yake kama umri wa wenzake nao ni huo huo.

Redshati ni nini na kwa nini watu wanaikasirikia?

Ni mchezaji kukaa msimu mzima bila kucheza mechi, anafanya mazoezi tu, na mwaka wake wa ustahiki haupungui. Wengine ni kwa ajili ya jeraha. Vijana wa siku hizi hawaipendi kwa sababu wanaona bora wahame. Lakini waulize wazee hapa kuhusu Jeff Sheppard. Msimu wa 1996-97 alikaa nje mwaka mzima, timu ikafika fainali ikafungwa na Arizona muda wa ziada, yeye anaangalia tu. Mwaka uliofuata akarudi, tukachukua ubingwa wa 1998 na yeye ndo akawa mchezaji bora wa nne bora. Ni baba yake Reed Sheppard niliyemtaja juu.

Nitajuaje kama mchezaji anayetoka chuo kidogo atatufaa?

Usiangalie pointi zake. Kule alikuwa anashika mpira kila shambulio, hapa hatashika. Angalia vitu vinavyosafiri: mitupo huru, pasi, ribaundi, kukaba bila faulo (faulo tano unatoka, kumbuka). Mtu anayepata pointi 20 kule kwa mitupo 19 atakuja hapa na mitupo 8, je bado anakusaidia?

Na kinyume chake kipo. Otega Oweh alikuja kutoka Oklahoma akiwa na wastani wa pointi 11 na kitu, sisi wengi tulimwandika kama mkabaji, mtu wa kazi ngumu. Nilimpa dakika 20 kwenye karatasi yangu. Mechi ya tatu tu ya msimu, na Duke pale Atlanta, mechi imebana, sekunde zimebaki chache, Cooper Flagg, nyota wao, anaingia na mpira, Oweh akamnyang'anya. Tukashinda 77-72. Akamaliza msimu akiwa ndo mfungaji wetu wa kwanza, pointi 16.2, na mwezi wa 2 akarudi kwao kwa zamani Oklahoma akafunga pointi 18 za mwisho za timu mfululizo, yeye peke yake, tukashinda 83-82. Ukabaji wake ndo ulimpa dakika, na dakika ndo zikatuonesha mengine. Ndo maana nasema anza na kukaba.

Majeraha mnayahesabuje?

Andika karatasi mbili. Ya pili toa mtu mmoja muhimu uone kama bado inatimia. 2024-25 ilitubidi tutoe zaidi ya mmoja: Kerr Kriisa aliumia mguu kwenye mechi ya Gonzaga mwezi wa 12, Lamont Butler bega lilimsumbua, Jaxson Robinson akafanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono mwezi wa 3 akawa amemaliza. Hao wote ni washika mpira. Tulifika 16 bora na tukakutana na Tennessee, ambao tulishawafunga mara mbili msimu ule, wakatutoa 78-65. Hatukufungwa kwa kukosa vipaji, tulifungwa kwa kukosa watu wa kupandisha mpira wakiwa wazima.

Kwa hiyo mchezeshaji wa tatu, yule ambaye mwezi wa 5 mnasema wa nini, ndo huyo.

Watoto wa Kentucky wapewe nafasi ya kwanza?

Moyo wangu unasema ndiyo. Travis Perry alikuja 2024 akiwa ndo mfungaji wa juu kabisa katika historia ya sekondari za wavulana jimboni, mtoto wa mji mdogo, kila akipasha misuli watu wanapiga kelele. Alivyopata dakika, kwa sababu ya majeraha hayo hayo, alijitahidi. Msimu ulivyoisha akahamia Ole Miss. Kuna watu walimsema vibaya na mi sikupenda, kijana aliangalia karatasi yake akaona namba, kama mpwa wangu alivyoziona.

Tukibishana tunagombana, ndugu hawaongei wiki nzima. Tufanyeje?

Pale kinyozi kwetu utaratibu ni huu, aliuleta kaka mmoja wa Bukavu na umesaidia. Kabla hujasema mchezaji fulani hafai, unataja kitu kimoja anachofanya vizuri, na umeshakiona kwa macho, sio umesikia. Na ukisema apunguziwe dakika, unasema zinaenda kwa nani. Asiyeweza kujibu hayo mawili anasubiri zamu yake ya kunyolewa kimya.

Karatasi ya mwisho mnaiandika lini?

Usiku wa Big Blue Madness, mwezi wa 10, timu ikitambulishwa kwa mashabiki. Tunaandika kila mtu ya kwake, majina na dakika, jumla 200, tunasaini, mpwa wangu anazikunja anazitia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la jikoni. Hakuna kufungua mpaka timu itoke mashindanoni. Ya kwangu ya 2024, ile yenye Oweh dakika 20, bado iko humo.